Kisima cha Radhi na Mgeni Asiye na Kilemba

Radhi wa Mpangoni alitumbukia kisimani mwake Jumatano asubuhi, na watu arobaini wenye mikono mizima wakasimama ukingoni wakimtazama, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyevaa kilemba cha kuvuta. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mengine yote ni maelezo.

Maelezo ni haya. Mpangoni ni mji mkuu wa nchi ya Mafungu, nchi yenye rutuba na mvua za wakati wake, ambayo watu wake wamejaaliwa kila neema isipokuwa ile ya kufanya jambo likiwa bado linahitajika. Mababu zao waliitazama lugha yao wakaihusudu. Waliona kwamba neno likitaka kubadili kazi hubadili kwanza kitu cha kichwani: likiwa tendo huitwa kulima, likiwa mtu huitwa mkulima, likiwa shughuli huitwa kilimo, wala halitoki nyumbani kichwa wazi. Wakasema, ikiwa neno, ambalo ni pumzi tu, lina adabu kiasi hicho, ni aibu gani kwa mwanadamu mwenye akili na ndevu kuingia kazi hii na kutoka kazi ile na kichwa kilekile! Ndipo wakatunga Sheria ya Vilemba, wakaisifu, wakafa, wakawaachia wajukuu.

Kwa sheria hiyo shughuli zote za dunia ziligawanywa mafungu manne. Kulikuwa na Watajwa, wa kilemba cheupe, waliomiliki vitu na kuitwa majina yao kwa sauti. Kulikuwa na Watenda, wa kilemba chekundu, waliofanya. Kulikuwa na Wasifu, wa kilemba cha kijani, waliosema kitu kikoje. Na Waelezi, wa buluu, waliosema jambo lifanywe vipi na lini. Hakuna jambo lililokuwa halali mpaka vilemba vyote vinne vihudhurie. Hata chai ilihitaji mwenye sufuria, mchochea moto, wa kusema maji ni ya moto, na wa kusema basi, yatosha. Mgeni aliyekaribishwa chai Mpangoni aliaga na kiu yake, lakini aliaga kwa heshima.

Mtu aliruhusiwa kubadili fungu, alimradi avae kilemba kimoja kwa siku moja, na akipokee kwa mkono wa Karani Ngoja katika Jumba la Vilemba. Tena kila kilemba chekundu kilitariziwa tendo lake pembeni: hiki cha kuvuta, hiki cha kusukuma, hiki cha kupepeta. Aliyeonekana akipepeta na kilemba cha kusukuma alilala ndani siku tatu, na nafaka aliyoipepeta ikamwagwa.

Sasa turudi kisimani. Mke wa Radhi aliitwa Hima, na mikono yake ilikuwa na sifa mtaa mzima: aliwahi kumnyanyua ndama kutoka mtaroni huku akiendelea kugombana na jirani. Lakini Jumatano hiyo alikuwa anakwenda arusini kwa binti wa dada yake, na shangazi na mama wadogo wote walitakiwa kumsifu bibi arusi, kwa hiyo alikuwa amechukua kilemba cha kijani. Alisikia kishindo, akakimbia uani, akainama ukingoni. Pima nane chini aliona kipara cha mumewe na maji yamemfika kifuani. Mikono yake ikaenda kwenye kamba yenyewe, bila kuulizwa. Majirani wakakohoa. Hima akagusa kilemba chake, akakumbuka kilikuwa cha rangi gani, akairudisha mikono yake tumboni.

"Kisima ni kirefu," alisema, kwa kuwa hilo ndilo aliloruhusiwa.

Majirani wakaitikia kwamba kweli, ni kirefu.

"Ni chembamba. Ni cheusi."

Na hayo pia yakakubaliwa. Mwelezi mmoja akaongeza kuwa inafaa mtu atolewe haraka, akaketi akipumua kama aliyemaliza kazi. Mtu alitumwa Jumba la Vilemba, akarudi na habari kuwa Karani Ngoja anakunywa uji. Zaidi ya hayo palikuwa na tatizo la kamba. Mwenye kamba ni Radhi, na Radhi yumo kisimani, hivyo kamba haina mwenyewe wa kuhudhuria.

Radhi naye alikuwa raia mwema kupita kiasi, mtu mwembamba aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda tumbaku. Alipaza sauti kutoka chini akamwomba mkewe asifanye jambo la kumwaibisha. "Bibie, mimi sina haraka," alisema, na meno yake yakigongana yalisikika mpaka juu. "Maji yenyewe yananifika kifuani tu."

Hima alisimama hivyo kwa muda wa saa mbili.

Wakati huo alikuwa akipita mtu wa Ng'ambo, ambaye watu wa mji walimpa jina Vilevile. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwa Hima tangu mwezi uliopita, na jina alilipata kwa sababu kila ulipomkuta alikuwa vilevile. Shati lilelile la khaki, kichwa wazi, awe anauza sabuni, anatengeneza baiskeli au anamwimbia mtoto wa mtu. Watoto walimwona kuwa mtu wa maajabu. Watu wazima walimwona kuwa mchafu.

Vilevile aliangalia kisima, akaangalia watu arobaini, akauliza kama kuna anayengojewa. Alipoelezwa hakucheka, na hilo lilihesabiwa kuwa upole. Aliingia jikoni akatoka na mchi wa Hima, ule mnene wa kutwangia mpunga, akaupaka mafuta ya nazi, akaulaza juu ya ukingo toka upande huu hadi upande ule. Akapitisha kamba juu yake, ncha moja akamtupia Radhi ajifunge kwapani, ncha nyingine akaizungusha kiunoni mwake, akakipa kisima mgongo, akatembea kuelekea mpapai. Akiwa anatembea alimwita Radhi kwa jina. Alisema kamba ni ngumu, itavumilia. Alisema polepole, polepole. Radhi akaibuka kama mzizi wa muhogo, ametapakaa matope, akiomba radhi kwa usumbufu.

Ng'ambo wangesema basi, wakanywa chai. Mpangoni wakapiga mbiu ya mgambo.

Kesi ilisomwa Ijumaa mbele ya Hakimu Ndivyo, ambaye hajawahi kutengua neno lake kwa kuwa hajawahi kulisikiliza. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Vilevile. Wa pili alikuwa mchi, kwa kosa la kuonekana mbele ya umma ukifanya kazi ya kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Mchi haukujibu lolote, ukarudishwa kinuni kwa onyo kali, na hakimu akausifu kwa kutopoteza muda wa mahakama.

Hima alikuja kutoa ushahidi. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumatano, na alikuwa amejiandaa kusema kila kitu, hata ile mikono yake iliyokwenda kwenye kamba ikarudi. Lakini asubuhi hiyo, kwa woga wa kukutwa tena bila nguvu, alikuwa amechukua kilemba chekundu. Karani Ngoja akamwangalia kichwani, akafunga daftari.

"Kusema jambo lilikuwaje ni kazi ya Msifu, bi Hima. Leo wewe ni wa kutenda."

"Basi niwaonyeshe kwa vitendo. Nipeni kamba."

"Kilemba chako kinasema kupepeta."

Watu nyuma walicheka. Hima akaketi, akapepeta hewa kwa mikono mitupu mpaka mlinzi alipomwomba aache. Hivyo basi, mtu mmoja ambaye Jumatano aliruhusiwa kusema tu, Ijumaa aliruhusiwa kutenda tu. Kama kuna aliyeona kichekesho katika hilo, hakuwa na kilemba cha kukisema.

Hakimu alimgeukia mgeni.

"Wewe ni wangapi?"

"Mmoja, mheshimiwa."

"Mmoja gani? Mashahidi wamekuona ukiita jina, ukivuta, ukisema kamba ni ngumu, ukisema polepole. Hao ni watu wanne. Wanne wamejificha ndani ya shati moja, na shati lenyewe halijafuliwa."

Vilevile alieleza kwa utulivu kwamba kwao ndivyo watu walivyo, na maneno yao pia. Akawatolea mfano. Alisema wana neno moja fupi la mgongo, huu wa mtu. Neno hilohilo, bila kuongezwa herufi wala kuvuliwa kitu, ndilo la kumsimamia mtu katika shida. Ndilo la mlango wa nyuma. Ndilo la kurudi ulikotoka. Neno haliendi jumba lolote kubadili chochote. Linahama tu mahali pa kukaa katika usemi, na watu wanaona limekaa jirani na nani, wanajua leo linafanya nini. "Mimi Jumatano nilikuwa mgongo," alisema, "nikasimama nyuma ya mtu, nikamrudisha. Kwetu hilo ni neno moja. Hapa nasikia ni kesi nne."

Hakimu akajikuna.

"Na msikilizaji anajuaje ni lipi kati ya hayo?"

"Anasikiliza mpaka mwisho, mheshimiwa."

"Mpaka mwisho?"

"Ndiyo. Mara nyingine hatuelewani hata hivyo. Kuna siku mtu amesifiwa akadhani ametumwa, akaondoka zake. Tunagombana, tunaulizana, tunaendelea."

Hapo ndipo alipojiharibia. Hakimu Ndivyo alimweleza kwamba Mafungu ni nchi ya watu waliostaarabika, ambao hutambua mtu anachotaka kusema kwa kumwona kichwani, kabla hajafungua kinywa. Kumsikiliza mtu mpaka mwisho ni kumtilia shaka. Kisha akavaa miwani akasoma hukumu, ambayo ilikuwa imeandikwa Alhamisi.

Asiye na kilemba, ilisema hukumu, hana fungu. Asiye na fungu hatendi. Tendo lisilotendwa na yeyote halikutokea. Radhi hakutolewa kisimani, na kwa hiyo yumo.

Radhi alikuwa ameketi benchi la mbele na kitambaa kwenye paji la uso. Akanyoosha kidole, akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Aliambiwa kwamba mtu aliye kisimani hawezi kuhutubia mahakama.

Amri zilikuwa mbili. Vilevile atolewe nchini Jumamosi alfajiri, kwa lango la Kwaheri, na kwa kuwa ni watu wanne apigiwe mihuri minne ya kuondoka. Radhi arudishwe kisimani Jumamosi hiyohiyo baada ya kifungua kinywa, kwa heshima zote, kisha atolewe kihalali.

Jioni ile, Hima alimshika mumewe mkono akamsihi wahame, au augue, au ajifiche kwa dada yake. Radhi alimtazama kwa huruma ya mtu anayeijua sheria. Alisema ni suala la nusu saa. Alisema mtu ambaye hayuko kihalali juu ya ardhi hawezi kurithi, kuuza ng'ombe, wala kuitwa mume wa mtu, naye angependa kuendelea kuitwa mume wake. Hima alikuwa anampenda kijinga, kama watu wanavyopendana baada ya miaka kumi na tisa.

Aliporudi uani alimkuta Vilevile akifunga furushi. Mgeni hakutoa hotuba. Alimwambia, "Dada, ukuta wa kisima umelegea upande wa mpapai. Jiwe moja lilishatoka mumeo alipotumbukia, na mengine yanafuata. Wasimkalishe mle. Na ikibidi, kamba ipite juu ya mchi, uifunge kiunoni, ukipe kisima mgongo utembee. Usivute kwa mikono. Mikono itakudanganya."

Jumamosi Radhi aliteremshwa, na kwa kweli ilikuwa shughuli ya kupendeza. Vilemba vyeupe vilikuwepo, mwakilishi wa kamba alikuwepo, Msifu akasema kisima ni kirefu, na Mwelezi akasema kwa uangalifu. Mtenda aliyevaa kilemba kilichotariziwa kuteremsha akateremsha kwa ustadi mkubwa. Radhi akafika chini, akasema amefika. Watu wakapiga makofi. Mteremshaji akaiachia kamba ukingoni, akafuta mikono, akaenda zake, maana tendo lake lilikuwa limekwisha.

Hima alikuwa mbele ya dirisha la Jumba la Vilemba tangu alfajiri ili apewe yeye kile cha kuvuta. Karani Ngoja alitafuta rafuni, akatafuta sandukuni, akamtazama kwa masikitiko ya kikazi.

"Kiko kwa dobi."

"Kipo kimoja tu?"

"Kulikuwa na viwili. Kingine kiliibwa, na mwizi hatujamkamata kwa sababu cha kukamata nacho kiko kwa dobi." Akamwandikia karatasi ya kuchukulia, akaigonga muhuri, akampa. "Kikikauka kitaletwa."

Hima alirudi uani mbio na karatasi. Alimwuliza karani, aliyemfuata kwa mwendo wa watu wa ofisini, kama anaweza kuvuta kwa risiti huku kilemba kikikauka.

"Risiti haivaliwi, bi Hima."

Saa ya kwanza ikapita. Hima aliwaambia kuhusu ukuta. Walimjibu kuwa kauli juu ya hali ya ukuta ni ya Wasifu, na Msifu wa siku hiyo ameishatoa yake: kirefu. Saa ya pili ikapita, na jua likaingia wingu, na mtu akasema dobi analalamika kuwa kitambaa hakikauki kwenye wingu. Radhi kutoka chini alikuwa bado anawatuliza watu. Saa ya tatu ilikaribia kuisha jiwe lilipochomoka upande wa mpapai, na la pili, na nusu ya ukuta ikashuka kwa sauti kama gunia la mahindi linapopasuka. Halafu Radhi, ambaye hajawahi kupaza sauti isipokuwa kwa adabu, alipiga ukelele mmoja usio na adabu hata kidogo. Maji yakaanza kupanda kwa uzito wa mawe.

Hima alivua kitambaa cha kichwa alichokuwa nacho, kile cha jikoni tu. Akaingia ndani, akatoa mchi kinuni, akaupaka mafuta, akaulaza juu ya ule upande wa ukingo uliobaki. Ncha moja mumewe alikuwa bado amejifunga, ncha nyingine akaipitisha juu ya mchi, akaifunga kiunoni. Karani Ngoja alimsogelea akataka kumkumbusha kitu.

"Wewe nawe," Hima akamwambia, "ama shika kamba ama nipishe."

Karani akapisha. Katika watu arobaini hakuna aliyeshika, lakini watatu waligeuza nyuso zao ukutani ili wasiwe mashahidi, na huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko wote uliotolewa na mji ule siku ile. Hima akakipa kisima mgongo. Hatua ya kwanza haikwenda. Ya pili ikamrudisha nyuma. Akamwita mumewe kwa jina, akamwambia ni mzito kama dhambi, akamwambia polepole, mume wangu, polepole, na kwa kusema hayo alikuwa amekwisha kuwa watu wanne, naye akatembea. Kiuno kilichubuka mpaka damu. Alipofika kwenye mpapai aliukumbatia, akaifunga kamba kwenye shina lake, ndipo akageuka.

Radhi alikuwa amelala ukingoni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekuja naye, lakini haukuwa wa kurudi tena kazini.

Dobi alifika muda mfupi baadaye, anatweta, kilemba cha kuvuta mkononi. Kilikuwa bado kibichi pembeni.

Hakuna mtu aliyeshtakiwa. Hakimu Ndivyo alipata taabu, maana kama Hima hakutenda, Radhi bado yumo, na kisima kilikuwa kimeshajaa mawe kiasi kwamba hakikuwa na nafasi ya mtu. Akafanya mageuzi, ambayo yanasomwa mpaka leo katika shule za Mafungu. Alianzisha kilemba cha tano, cha rangi ya khaki, kwa ajili ya wale wasio na kilemba. Hutolewa na Karani Ngoja mwenyewe, kwa ombi linalowasilishwa siku saba kabla ya ajali. Hima alipelekewa cha kwanza kwa heshima. Anafutia masufuria.

Na gharama yake ni hii. Mguu mmoja, wa kushoto, chini ya goti. Kisima kimoja, ambacho sasa ni kichuguu cha mawe, na maji huchotwa mtoni, safari sita kwa siku. Mchi mmoja, uliochukuliwa na mahakama kwa kurudia kosa, na Hima hutwanga mpunga wake kwa jirani. Mgeni mmoja, aliyetoka kwa lango la Kwaheri na mihuri minne, hivyo kwa hesabu ya Mafungu yenyewe, nchi ilipoteza watu wanne walioweza kuvuta. Saa tatu za kungoja kitambaa kikauke. Na zile saa mbili za Jumatano, kabla ya ukuta kulegea sana, ambapo Hima alisimama juu ya mumewe na mikono yake miwili mizima, akatumia maneno matatu, na yote yalikuwa kweli: kirefu, chembamba, cheusi.